Pointi za chuo si zile za divisheni

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, mtaani hesabu ni moja tu, ile ya divisheni na pointi zake: "Kapiga wani ya saba," "Huyu ana tuu ya kumi na mbili." Kwa wazazi na majirani inatosha. Lakini chuo kikuu hakidahili kwa hesabu hiyo. Kina pointi zake, na mwanafunzi asiyezijua huweza kuomba kozi ambayo milango yake ilishafungwa, au akaiacha ile ambayo alikuwa na sifa zake zote.

Tuanze na pointi za NECTA, yaani Baraza la Mitihani. A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6 na F ni 7. Unajumlisha masomo matatu ya tahasusi yako, yaani kombi, na jumla ikiwa ndogo ndiyo nzuri: 3 hadi 9 ni divisheni ya kwanza, 10 hadi 12 ya pili, 13 hadi 17 ya tatu, 18 na 19 ya nne. GS (General Studies) na BAM (Basic Applied Mathematics, yaani hisabati ya msingi) hazimo.

Pointi za udahili zimepinduliwa. A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, S ni nusu. Hapa unatafuta jumla kubwa. Hesabu hii inawahusu waliomaliza kuanzia 2016; waliomaliza 2014 na 2015 walikuwa na mpangilio mwingine wa alama, wenye B+ ndani yake, hivyo wana hesabu yao.

Sharti la jumla la Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, kwa shahada ya kwanza ni prinsipo mbili zenye jumla isiyopungua 4.0. Prinsipo ni ufaulu wa A hadi E. S haihesabiki kuwa prinsipo, ingawa si F. Kwa hiyo D mbili zinatosha, C na E zinatosha, lakini D na E zina pointi 3, hazifiki.

Swali linalosahaulika ni hili: prinsipo mbili za masomo yapi? Si yoyote uliyofaulu, ni yale yanayotajwa na kozi yenyewe. Hapo ndipo wadogo zetu wengi huumia.

Chukua wanafunzi wawili wa PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia. Wa kwanza ana C ya Kemia, C ya Baiolojia na S ya Fizikia. Wa pili ana D tatu. Kwa NECTA wote wana 12, divisheni ya pili. Sasa wote wanataka udaktari wa binadamu, kozi inayodai prinsipo tatu, Fizikia, Kemia na Baiolojia, kila moja isipungue D, na jumla ya pointi 6. Yule wa D tatu ametimiza. Yule wa C mbili hana sifa, kwa sababu ya ile S. Lakini wakiomba kozi inayotaka Kemia na Baiolojia tu, mambo yanageuka: wa kwanza anaingia na pointi 6, wa pili ana 4. Cheti kinasema wako sawa. Chuo kinawaona ni watu wawili tofauti.

Na kutimiza sharti si kupata nafasi. Kozi yenye waombaji wengi huchukua wenye pointi za juu kwanza, kwa hiyo mwenye D tatu anaruhusiwa kuomba udaktari, ila asiuombe huo peke yake.

BAM nayo isidharauliwe. Haiingii kwenye divisheni, lakini kozi kadhaa za kompyuta na biashara hutaka ufaulu wake kwa asiyesoma Hisabati ya juu.

Ndiyo maana nawasihi walio kidato cha nne: msichague kombi kwa kumfuata rafiki. Mwaka 2024 Serikali ilitangaza tahasusi mpya 49 juu ya 16 zilizokuwepo, na uchaguzi umekuwa mgumu zaidi kwa asiye na mtu wa kumuuliza. Anza na kozi, urudi nyuma. TCU hutoa mwongozo wa udahili kila mwaka kwenye tovuti yake, bure. Soma sehemu ya sifa za kujiunga, andika kozi tatu unazozitamani, na mbele ya kila moja masomo inayoyataka. Kombi itakayobeba nyingi kati ya hizo ndiyo ya kuifikiria.

Aliyekosa pointi 4.0 bado ana stashahada. Vyuo vingi hupokea prinsipo moja na S moja, na akimaliza kwa GPA (wastani wa alama) ya 3.0 katika fani inayohusiana, anaomba shahada kwa mwongozo mwingine wa TCU, ule wa wenye sifa linganifu.