Mtandao haujui kama uko Kariakoo

Wiki hii wateja wanaoniletea konsoli za gemu wameniambia mara nne: "Fundi, nimeiunganisha waifai lakini saa haikai sawa. Mtandao mbovu." Ya nne niliweka bisibisi chini, nikasema leo naandika.

Mtandao haukuambii Dar es Salaam ni saa ngapi. Wala haujui kama kuna Dar. Konsoli za mkononi zinazotumia mfumo wa Linux zinauliza kwa NTP (lugha ya vifaa ya kuulizana saa mtandaoni), za kampuni kubwa zinauliza seva za kampuni zenyewe, ila kinachorudi ni kilekile: sekunde. NTP inazihesabu tangu 1 Januari 1900, Linux tangu 1 Januari 1970, na kati ya hizo mbili kuna sekunde 2,208,988,800. Zote ni za UTC, saa ya dunia ambayo nchi zote hujumlisha au kutoa kutoka kwake. Konsoli ikishazipokea ndipo inaongeza au kupunguza masaa kufuata ukanda wa saa (eneo la dunia linalotumia saa ileile) uliochaguliwa na binadamu. (Wasahihishaji wa Kiswahili mnisamehe. Nasema "masaa" makusudi, maana leo "saa tatu" ingetupoteza wote.)

Simu ndizo zilizowadekeza watu. Mnara unaweza kuitumia simu saa pamoja na ukanda wake, ukishuka tu uwanja wa ndege imeshajirekebisha. Router ya nyumbani siyo mnara.

Sasa mtu anaona yuko nyuma masaa matatu kamili. Badala ya kugusa ukanda, anazima kusawazisha kwa mtandao na kusogeza saa kwa mkono. Siku mbili anafurahi. Siku ya tatu mdogo wake anawasha kusawazisha, masaa matatu yanarudi, na mimi naletewa konsoli yenye "saa inayokufa". Haifi! Kinachohesabu saa mle ndani ni fuwele ya quartz, na kosa lake ni sekunde chache kwa siku. Fuwele haikosei masaa matatu kamili, bila hata dakika ya ziada. Ukiona tofauti imekatika vizuri namna hiyo, jua ni ukanda. Ukiona dakika mbili tatu baada ya miezi, hapo ni fuwele. Ukiona 1970, konsoli iliishiwa umeme kabisa au haina saa ya ndani ya kuendelea kuhesabu ikizimwa, na hizi za bei nafuu nyingine hazina kweli.

Na joto la Dar msilisingizie. Fuwele hizi zimetengenezwa kwa nyuzi joto 25 hivi. Kwa nyuzi 32 zetu inachelewa kama sehemu moja ya kumi ya sekunde kwa siku.

Bando pia lisiwatishe. Swali moja la NTP ni baiti 48, ukiweka na vifungashio vyake 76. Meme moja ya kwenye grupu la familia inakula zaidi ya mamia ya maswali hayo. Ikigoma ofisini, huenda wamefunga UDP mlango 123, njia ambayo NTP hupitia, basi washa hotspoti ya simu yako.

Turudi kwenye ukanda, maana ndiko ninakopandia presha. Sisi ni UTC jumlisha 3, mwaka mzima, hatusogezi saa kama Ulaya. Kwenye orodha ya miji ukiikosa Dar es Salaam, chagua Nairobi. Najua inauma. Hata kwenye hifadhidata ya kanda inayotumiwa na Linux, Dar es Salaam ni jina tu linaloelekeza Nairobi. Mara ya kwanza kuliona hilo nilinuna, halafu nikaendelea na kazi.

Kesi iliyonishinda ni ya Switch Lite ya njano, konsoli ya mkononi ya Nintendo, mtumba wa Japani. Mzee mmoja wa Magomeni alimnunulia mjukuu wake wa darasa la tatu, akaileta kwa sababu ya chaji. Nikabadilisha tundu la chaji, nikaona ukanda bado ni Tokyo, nikamwekea wetu bila kuulizwa. Kesho yake karudi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mwanangu, umeniharibia saa."

"Imeharibikaje?"

"Jana magharibi ilikuwa inaandika moja na ni saa moja kweli. Sasa inaandika saba. Mtoto anafundishwa kusoma saa shuleni, ananiuliza babu, mbona gemu linasema saa saba na hatujala?"

Nilitaka kucheka, nikajikuta napiga hesabu. Tokyo ni UTC jumlisha 9. Toa 3 zetu, inabaki 6. Masaa sita! Kwenye saa ya mzunguko wa 12, saa ya Tokyo ikisomwa Dar ni saa ya Kiswahili, dakika kwa dakika. Simu yangu ikiandika 7:00 jioni, kule ni 1:00. Mtandao ulikuwa unamsawazishia mzee saa ya Kiswahili kwa bahati ya mtumba, na mimi fundi nikaja kuibomoa.

Nikajitetea. Nikamwambia gemu linafuata mchana na usiku, ikiwa asubuhi hapa yeye gemu linamwonyesha mchana. Akasema mtoto anacheza mpira wa magari humo, mchana wa nini? Hapo nilikwama. Miaka yote nimewaambia wateja kuna saa sahihi na saa mbovu, na zamani nimeshawatoza watu pesa ya betri kumbe ilikuwa ukanda tu. Ile ya mzee niiite nini, sijapata jibu hadi leo.

Nikabakiza hoja moja, ya tarehe. Ilikuwa Alhamisi, jua limeshazama, adhana imeshapita. Nikairudisha Tokyo mbele yake, nikamwonyesha kwa kidole: "Unaona mzee? Imeruka siku. Inasema Ijumaa, na leo ni Alhamisi."

Akaniangalia kwa huruma kidogo. "Mwanangu, jua si limezama? Sasa huu si usiku wa Ijumaa?"

Akaiweka mfukoni, akaondoka.