Alfa-1 antitripsini: kupima kwa tone la damu iliyokauka

Mama aliyewahi kumpeleka mtoto kliniki kupimwa VVU anaijua ile karatasi nene nyeupe yenye viduara. Muuguzi humchoma mtoto kisiginoni, akajaza damu kiduara kimoja kimoja. Huko Ulaya karatasi kama hiyo hutumika pia kutafuta upungufu wa kurithi wa alfa-1 antitripsini.

Hii ni protini inayotengenezwa na ini ili ikayalinde mapafu. Chembe nyeupe za damu zikipambana na vijidudu humwaga kimeng'enya kiitwacho elastasi, nacho hakichagui: kikiachwa, kinakula mapafu yenyewe. Alfa-1 hukidhibiti. Aliyerithi jeni yenye kasoro iitwayo Z kwa baba na kwa mama, protini yake hujikunja vibaya ikakwama ndani ya ini. Mapafu yanakosa mlinzi, ini nalo linalemewa. Ndipo mtoto mchanga anapata manjano ya muda mrefu, au mvuta sigara anaanza kuhema kwa shida kabla hata hajazeeka.

Damu huachwa ikauke kivulini kwa saa kadhaa, karatasi ikatumwa kwa posta, bila barafu wala friji. Maabara hutoboa kiduara kidogo cha milimita 3 hivi, wakakiloweka, wakapima kiasi cha protini. Hapo kuna mtego: kiasi hicho hupanda mtu akiwa na maambukizi, hivyo mwenye Z moja anaweza kuonekana hana kasoro. Kwa sababu hiyo doa lilelile hupimwa jeni pia.

Upungufu huu uligunduliwa Malmö, Uswidi, na watafiti Laurell na Eriksson, wakatoa taarifa mwaka 1963. Kuanzia 1972 hadi 1974 Waswidi wakapima watoto wachanga 200,000, wakapata zaidi ya 100 wenye Z mbili. Kisha wakaacha. Wazazi walishikwa na hofu kubwa, ilhali wengi wa watoto hao walikua bila shida. Nadhani walifanya haraka kuacha. Kujua mapema ndiko kunakomwepusha kijana na sigara.

Kwa Waafrika kasoro ya Z ni nadra. Shirika la Afya Duniani limeshauri kila mgonjwa wa mapafu yaliyoziba kwa muda mrefu apimwe. Akikutwa na Z mbili, nduguze wa baba na mama mmoja nao huitwa wapimwe, maana kila mmoja ana angalau nafasi moja kati ya nne ya kuwa nazo.