Chokaa ikitiwa maji inatoa joto kiasi gani? Unaweza kupima

Fundi yeyote wa Lamu anajua, chokaa ikitoka tanuuni ukiitia maji inachemka yenyewe, mvuke unapanda na chini hakuna moto. Vijana wakija maabara kwetu wanataka kujua joto hilo ni kiasi gani, basi wengi wanachomeka kipimajoto, wakiona 60 wanasema "joto ni 60". Hapana jamani, hiyo ni halijoto tu. Chokaa ileile ukiimwaga kwenye ndoo nzima ya maji halijoto itapanda kidogo sana na joto lililotoka ni lilelile, kwa hivyo kama hujui uzito wa maji hujapima kitu.

Kupima joto lenyewe ndio kalorimetria, na vyombo wala si vya bei. Chukua vikombe viwili vya foamu, kimoja ukipachike ndani ya mwenziwe, tia maji gramu 200, soma halijoto, halafu weka gramu 5 za chokaa kavu iliyopondwa laini, koroga taratibu huku unaandika nyuzi kila nusu dakika mpaka zifike juu zianze kushuka. Hesabu yake: uzito wa mchanganyiko wote (205) mara 4.18 (ndizo juli za kupandisha gramu moja ya maji kwa nyuzi moja) mara nyuzi zilizopanda, unapata juli, ndicho kipimo cha joto. Chokaa safi iliyoiva itapandisha kama nyuzi 7 hivi, yaani karibu kilojuli 5.8.

Sasa ikipanda nyuzi 3 tu? Ama haikuiva, ndani jiwe limebaki jiwe, ama imekaa wazi ikanyonya unyevu wa hewa yetu hii ya bahari, ikawa imeshatoa joto lake ghalani kabla hujainunua. Hapa ndipo naona faida kubwa kabisa, manake nyumba za mji wa kale zinataka chokaa nzuri na kwa macho poda zote mbili ni nyeupe tu.

Watu walianza kupima hivi zamani, wanasayansi Wafaransa Lavoisier na Laplace kule Paris majira ya baridi ya 1782 na 1783 walizungushia barafu kitu wanachokipima halafu wakapima maji yaliyoyeyuka. Mwaka 1840 mwanakemia Hess akaonyesha kwamba jumla ya joto haibadiliki hata ukipita njia ndefu ya hatua nyingi, na chokaa inathibitisha vizuri mno: kupata gramu 56 za chokaa kutoka kwa jiwe la matumbawe tanuu lazima liliingizie kilojuli 178, ukitia maji zinarudi 65, na zile 113 zinarudi ukutani plasta inapovuta kaboni dioksaidi ya hewani ikageuka jiwe tena, ila hiyo inachukua miezi kwa hivyo mkono hausikii kitu. 65 na 113, fanya hesabu mwenyewe.

Kikombe nacho kinanyonya joto kidogo na hewa inachukua lake, ndio maana jibu lako litakuwa chini kidogo, rudia mara kadhaa upate wastani.

Lakini nawaomba sana, vaeni miwani na glavu, msizidishe kipimo na msifanye ndani ya chupa iliyofungwa kwa sababu mvuke unaweza kuipasua. Chokaa ikiingia jichoni inaunguza vibaya, osha kwa maji mengi yanayotiririka bila kuacha na mtu apelekwe hospitali hapohapo hata kama maumivu yamepungua.