Mizani kila siku, hesabu siku ya Ijumaa

Miezi mitatu iliyopita alinijia mama mmoja wa Michenzani, hapa mjini Unguja, mkononi daftari la skuli la mwanawe, kavimba kwa hasira. Hakungoja hata nimkaribishe kiti. "Dokta, wali wa usiku nimeuacha, soda nimeiacha, mazoezi Maisara uwanjani naenda kila alfajiri. Leo nimepanda mizani nimezidi! Basi taabu zote hizi za nini?"

Mimi si daktari, ni mtu wa lishe, lakini huku kwetu ukishavaa koti jeupe umekuwa dokta, na kusahihisha nimeshachoka. Nikamwomba hilo daftari.

Alikuwa na bahati asiyoijua. Mizani kaletewa na kijana wake aliyeko Muscat, na kwa furaha ya kitu kipya alikuwa akiipanda kila asubuhi na kuandika. Ila namba aliyoijali ni ya Ijumaa tu, kwa kuwa shoga yake alimwambia anayepunguza mwili hujipima mara moja kwa wiki, basi. Nimeruhusiwa kuzionyesha. Wiki ya kwanza, kuanzia Jumamosi: 86.4, 85.7, 86.9, 86.1, 85.8, 87.0, na Ijumaa 86.3. Wiki ya pili: 86.0, 85.3, 85.6, 86.7, 85.4, 85.9, na Ijumaa 86.6.

Ijumaa kwa Ijumaa, kapanda gramu 300. Sasa jumlisha siku zote saba za kila wiki, ugawe kwa saba. Wiki ya kwanza inatoka 86.3, ya pili 85.9. Kashuka gramu 400 hivi. Mwili mmoja, daftari moja, na majibu mawili yanayogombana.

"Alhamisi usiku ulikuwa wapi, bi mkubwa?"

Akanitazama kwa jicho la kuibia, kisha akacheka. Maulidi kwa wifi yake. Pilau, achari ya ndimu, na kulala saa saba.

Hapo ndipo ninapotofautiana na ushauri wa mara moja kwa wiki, ambao zamani hata mimi nilikuwa nikiutoa. Anayepunguza mwili kwa mwendo mzuri hupoteza nusu kilo ya mafuta kwa wiki, sawa na gramu 70 kwa siku. Na mwili huohuo hupanda na kushuka kilo moja, mara nyingine mbili, kwa sababu zisizohusiana na mafuta. Kuitafuta ile gramu 70 kwa kupanda mizani siku moja ni kama kusikiliza mnong'ono katikati ya soko la Darajani siku ya kuamkia sikukuu. Ukichagua siku moja katika saba, umecheza bahati nasibu. Huenda ikakuangukia siku ya pilau, huenda ikakuangukia siku uliyoharisha ukafurahi bure.

Ninaloagiza sasa ni hili: panda kila siku, andika, kisha funga daftari. Usikasirike wala usishangilie. Ijumaa, kabla ya kwenda kuoga, piga wastani, na ulinganishe wastani na wastani.

Kwa nini namba zicheze hivyo? Mimi ni mtoto wa Pemba, nimekulia Wete juu ya majamvi ya karafuu, na sijapata somo la uzito lililo bora kuliko lile. Mchumaji hulipwa kwa pishi, kipimo cha ujazo, karafuu ikiwa mbichi. Mwenye shamba huuza kwa kilo, ikiwa kavu. Baina ya pishi na kilo pana jua, na jua hilo hula theluthi mbili: kilo tatu mbichi hukupa kama kilo moja kavu. Ami yangu hakuwahi kulia kwa kuwa gunia la juzi limepungua leo. Anajua kilichoondoka ni maji. Na mvua ikizikuta jamvini, zikalala na unyevu, asubuhi zina uzito zaidi, lakini hakuna punje hata moja iliyoongezeka shambani.

Mwili wa yule mama una zaidi ya kilo 35 za maji ndani yake. Akila chumvi nyingi, mwili huzuia maji ili damu isiwe na chumvi kupita kiasi. Hiyo ndiyo ile 86.7 ya Jumanne: Jumatatu jioni alikula urojo, na bajia, na kachori, na chachandu juu yake. Kutoka 85.6 mpaka 86.7 ni kilo moja na gramu 100 kwa usiku mmoja. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kalori 7,700 hivi, kwa hiyo kama yale yangekuwa mafuta, angepaswa kula kalori 8,500 juu ya zile anazozihitaji kwa siku. Sahani ya pilau iliyojaa ukiihesabia kalori 700, hizo ni sahani kumi na mbili baada ya chakula chake cha kawaida. Nilipomwambia hivyo akaapa hakula hata mbili.

Wanga nao una maji yake. Mwili huweka akiba ya sukari kwenye ini na misuli, inaitwa glaikojeni, kama gramu 400 au 500 kwa mtu mzima, na kila gramu moja hulala na gramu tatu za maji au zaidi. Ndiyo maana anayeacha wali, muhogo na mikate ghafla hushuka kilo mbili wiki ya kwanza, akatangaza mtaa mzima, kisha wiki ya tatu akala wali wa shughuli moja zikarudi zote. Hakudanganya mtu. Aliyakausha maji, akayarudisha. Na hao wanaouza mikanda ya jasho na vidonge vya kukojosha, biashara yao yote ni hii hii ya kuanika karafuu. Vidonge vile vina watu wake, wenye maradhi, kwa maagizo ya daktari. Kuvinywa ili mizani ishuke ni kuchezea moyo na figo.

Wanawake wana jambo jingine, ambalo wateja wangu hulisema kwa kunong'ona: siku chache kabla ya hedhi mwili hushika maji, na uzito unaweza kukwama au kupanda wiki nzima. Kwa mwenye kuona siku zake, linganisha wiki hii na wiki kama hiyo ya mwezi uliopita. Na aliyeanza mazoezi juzi, misuli ikimuuma, nayo imeshika maji ya kujitengeneza. Wengi huacha kwenda Maisara wiki ya pili kwa sababu hiyo tu, "mazoezi yananinenepesha."

Na mafuta yenyewe huenda wapi yakitoka? Nikiuliza darasani hujibiwa jasho, au choo. Sehemu kubwa hutoka puani. Katika kilo 10 za mafuta yaliyounguzwa mwilini, kilo 8.4 hutoka kama hewa ukaa tunayopumua nje, na zilizobaki huwa maji. Ukilala unapungua. Kuna daktari wa Padua, Italia, Santorio Santorio, aliyekufa mwaka 1636, ambaye kwa takriban miaka thelathini alijipima akiwa kwenye kiti kilichoning'inizwa kwenye mizani, akapima na chakula chake na vinavyomtoka. Akakuta sehemu kubwa ya alichokula hupotea bila kuonekana. Mimi nikichoka kupiga wastani wa wateja humkumbuka yeye.

Sasa, kupanda mizani peke yake hakupunguzi mtu. Mwaka 2006 Rena Wing na wenzake wa Marekani walichapisha utafiti wa watu 314 waliokuwa wamekwisha kupungua, wastani wa kilo 19 kila mmoja, wanaogopa zisirudi. Waliofundishwa ana kwa ana kujipima kila siku, na kuchukua hatua mapema uzito unapoanza kupanda, asilimia 46 walirudisha kilo 2.3 au zaidi baada ya miezi 18. Walioletewa jarida tu kila baada ya miezi mitatu, asilimia 72. Walichopewa wale wa kwanza ni mpango: ukifika kiwango hiki fanya hivi, ukipita hapa tafuta msaada. Kwangu mimi mpango ni mfupi. Wastani ukipanda wiki mbili mfululizo, tunakaa chini tuangalie chai ya maziwa ya jioni na vinavyoisindikiza. Kwa kawaida mkosaji yuko hapo.

Kuna sababu nyingine inayonifanya niing'ang'anie mizani kwa watu wa hapa. Mwenzetu anayevaa suruali ya kubana hupewa habari na kifungo. Baibui halisemi. Dera halisemi. Kanzu ndiyo kabisa. Mtu huongeza kilo kumi na nguo zote zinamkaa, na mtaani anasifiwa kuwa kanawiri, ndoa imemkubali. Akipungua, anaulizwa ana maradhi gani. Kwa hiyo nguo hazimwambii kitu, na watu wanamwambia kinyume. Ninawapa pia futi ya fundi cherehani, mara moja kwa mwezi, kiunoni: mwanamke akizidi sentimita 80 na mwanamume 94, hatari ya kisukari na presha imeanza kupanda, hata kama shoga zake wanamsifu.

Namna ya kujipima haina maneno mengi. Ukitoka kusali Subhi, umeshakwenda choo, hujanywa chai, na khanga moja nyepesi. Glasi mbili za maji ni nusu kilo hapo hapo, usizinywe kwanza. Mizani moja, mahali pamoja, sakafu ngumu. Hili la sakafu nimelilipia aibu. Katika kliniki niliyofanya kazi zamani, siku moja tulitandikiwa zulia jipya nene, zuri. Mama akapanda, kapungua karibu kilo tatu kwa wiki mbili. Nikampongeza, nikamwita na muuguzi aje aone. Baadaye nikainama nikaona miguu ya mizani imedidimia na tumbo lake limekaa juu ya zulia, yaani zulia nalo lilikuwa linabeba uzito. Tulipoirudisha kwenye marumaru kilo zikarudi, na yule mama hakunisamehe mpaka leo. Mizani inayokosea kilo moja, lakini inakosea ile ile kila siku, inanifaa. Leo duka la dawa, kesho kwa jirani, keshokutwa kwa yule kijana anayepima watu barabarani, hiyo hainifai.

Ramadhani huvuruga saa, basi badili saa. Mimi huwaambia wajipime muda mfupi kabla ya futari. Huku kwetu, karibu na mstari wa ikweta, saumu ni saa kumi na tatu na kitu mwaka wowote ule, kwa hiyo kila jioni mwili unakuwa katika hali moja, mkavu. Namba za Ramadhani zilinganishe zenyewe kwa zenyewe, usizipeleke kwenye za Shaabani. Na siku nne za sikukuu iweke mizani chini ya kitanda.

Wapo nisiowataka waipande kila siku. Yule ambaye namba ikipanda hususa kula kutwa, kisha usiku akafakamia, au akajitapisha. Huyo mizani namnyang'anya kabisa, tunaanza na mazungumzo. Msichana wa skuli anayejiona mnene ilhali mifupa imemtoka, vilevile. Mjamzito hapunguzi mwili, uzito wake unasomwa na mkunga. Na wale wasio na ugonjwa wowote ila hawana moyo wa namba, mara tatu kwa wiki inatosha kupiga wastani wa maana. Pungufu ya hapo bahati nasibu imerudi. Mwenye moyo ulioshindwa kazi yeye ajipime kila siku kwa sababu nyingine: akiongeza kilo mbili ndani ya siku mbili tatu, na miguu imevimba au pumzi zinambana, asingoje wastani wa Ijumaa, aende hospitali siku hiyo hiyo.

Yule mama wa Michenzani mwezi uliopita alikuwa anaozesha. Akanipigia simu Alhamisi kuuliza aache kujipima mpaka shughuli ipite, maana biriani anasimamia yeye mwenyewe na kuonja lazima. Nikamwambia apande kama kawaida, na pembeni ya namba aandike kilichotokea. Daftari kaniletea juzi. Jumatatu: 84.3, "harusi". Jumanne: 84.1, "kiporo cha biriani". Jumatano: 83.4, hakuandika kitu. Ijumaa: 82.6, na pembeni kauliza kwa kalamu nyekundu kama kiporo cha halua nacho anaruhusiwa.