Gari isiyosumbua ni ipi, fundi?

Mwalimu alifika gereji kwangu, hapa Tanga, saa nne asubuhi. Nikamwamkia, akakaa kwenye benchi, mihogo ya kukaanga na chachandu mbele yetu. Mafao yake ya ustaafu yametoka na dalali kamshikia gari mbili: Toyota IST ya mwaka 2005 na Subaru Forester ya mwaka 2008 isiyo na tabo (turbo). Bei zao zinakaribiana. "Wewe unazifungua kila siku, mwanangu," akaniambia. "Ipi haisumbui?"

Nikamjibu kwamba mimi si mtu wa kuulizwa swali hilo. Akacheka, akadhani nataka hela ya ushauri. Lakini nilikuwa namwambia ukweli. Mimi naona wagonjwa tu. Gari iliyotoka Raskazone kwenda Kange na kurudi kila siku kwa miaka sita bila neno, mwenyewe hanijui na mimi simjui. Anayeshinda wodini atakwambia mji mzima una homa.

Ukifungua daftari langu, Toyota ndiyo inayoongoza kwa kuletwa, tena kwa mbali. Je, Toyota ndiyo mbovu kuliko zote? Hapana, ila simama dakika kumi pale barabara ya Taifa uhesabu zinazopita. Zikiwa nyingi barabarani, zitakuwa nyingi na gereji. Subaru zinaletwa chache, na hapo ndipo penye kichekesho: ikija Subaru inasubiri spea kutoka Kariakoo, spea inakosewa, inarudishwa na basi, inakuja nyingine. Wiki mbili gari ipo juu ya mawe, boneti wazi, na kila anayepita kwenda msikitini anaiona. IST iliyobadilishwa koili asubuhi ikaondoka kabla ya adhuhuri haikuonwa na mtu. Sifa mbaya nyingi za magari mjini hapa zimetokana na muda gari inaokaa juu ya mawe kuliko na mara inazoharibika.

Wenzetu wana hesabu zao. J.D. Power, kampuni ya utafiti ya Marekani, inauliza wenye magari ya miaka mitatu wameona matatizo mangapi, halafu inatoa idadi kwa kila magari 100. ADAC, chama cha wenye magari cha Ujerumani, inahesabu wanaopiga simu wakiwa wamekwama barabarani, na huko mwaka hadi mwaka kinachoongoza ni betri. Si injini wala gia boksi. Betri! Hesabu nzuri hizo, lakini gari ya miaka mitatu sisi tunaiona kwenye misafara. Zetu zinafika bandarini zikiwa na miaka kumi, kumi na tano, halafu tunazianza upya kama zimezaliwa jana.

Wataalamu wa uharibikaji wa mashine wana mchoro mmoja wenye umbo la karai. Ukingo wa kushoto uko juu: mashine mpya inaonyesha makosa ya kiwandani. Kisha unashuka kwenye tambarare, hitilafu ni chache na za kubahatisha. Mwisho ukingo wa kulia unapanda, vitu vimechoka. Mjapani ameishi na gari yako kwenye tambarare. Wewe unainunua ikiwa inakaribia kupanda ukingo wa pili, kwa hiyo swali la kampuni gani imeitengeneza linapungua uzito kila mwaka, na swali la nani aliitunza linaongezeka.

Mwalimu akauliza, sasa kama hivyo, mtu anachaguaje? Nikamwambia tuache neno "kusumbua", maana limebeba mizigo mitatu kwa pamoja. Gari inayoharibika mara kwa mara inasumbua. Inayoharibika mara moja ikakumaliza mfukoni inasumbua. Na iliyoharibika kitu cha elfu ishirini, lakini saa sita usiku katikati ya Segera na Korogwe, familia ndani, hiyo nayo inasumbua.

Nina mteja anabeba machungwa kutoka Muheza na Noah ya zamani, ile ya injini ya 3S. Kila mwezi yupo kwangu: leo bushi, kesho plagi, keshokutwa bomba la maji. Ndugu yake amenunua gari mpya zaidi yenye gia boksi ya CVT, ile ya otomatiki isiyo na gia za hatua kwa hatua, anamcheka. Tuseme wa Noah anatumia shilingi 60,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 720,000. Tuseme ndugu yake hatumii kitu, ila kwa hali ya gari ile ana nafasi moja kati ya tano kila mwaka ya gia boksi kufa, na ikifa ni milioni tatu na nusu. Moja ya tano ya hiyo ni 700,000. Kwenye karatasi wamelingana, hata huyu wa pili yuko nafuu kidogo.

Lakini karatasi haiendi sokoni. Wa machungwa ile 60,000 anaitoa kwenye tripu mbili, maisha yanaendelea. Ndugu yake siku gia boksi ikifa hana milioni tatu na nusu, na zamu yake ya upatu ilishapita. Gari inaegeshwa miezi minne, na anayeishi kwa gari hiyohiyo anakosa hata cha kutengenezea. Wenye kisomo huwacheka madereva wetu kwa kung'ang'ania magari ya kuungaunga. Mimi siwacheki tena. Wanajua wanachokimudu ni maumivu ya kulipika kidogokidogo. Mwenye mshahara na akiba benki anaweza kuchagua kinyume chake, na asiwe amekosea.

(Kwa mwenye CVT: ndani yake mna mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili, na inataka oili yake mahususi. Nimeshaletewa iliyotiwa oili ya gia boksi ya otomatiki ya kawaida "kwa sababu zote ni nyekundu". Basi.)

Tukaenda kuziona hizo gari uani kwa dalali, Mikanjuni. Nilimwomba dalali jambo moja tu, asiziwashe kabla hatujafika. Alikuwa ameshaziosha mpaka injini, nami injini inayong'aa huwa naitilia shaka, maana inawezekana kilichooshwa ni uvujaji.

Nikaanza na IST, rejeta ikiwa baridi. Nikafungua kifuniko, nikachovya kidole, nikamwonyesha Mwalimu. Maji yalikuwa ya rangi ya chai kavu. Nikamweleza hivi: ukikuta chai ya maziwa, funga kifuniko uende nyumbani, oili na maji vimeshakutana ndani. Chai kavu ni kutu. Mtu ametoa kulanti akatia maji ya bomba au ya kisima, na visima vya huku pwani vingi vina chumvi. Kulanti si rangi tu. Inapandisha kiwango cha maji kuchemka na ina dawa ya kuzuia kutu kwenye alumini, na silinda hedi ya gari hizi ni alumini. Nikafungua nyumba ya thamostati, kidude kinachozuia maji yasipite rejeta mpaka injini ipate moto: tupu. Fundi mwenzangu mmoja aliitoa, kama tunavyotoa wengi, tukisema nchi yetu ni ya joto, haihitajiki. Nami nimezitoa nyingi miaka ya nyuma, na najua kilichotokea kwa baadhi yake. Bila thamostati injini haifiki joto lake, kompyuta inadhani bado ni asubuhi na inaendelea kumwaga petroli, oili inachafuka mapema. Na siku rejeta ikiziba hujui, kwa sababu mshale ulishazoea kulala chini.

Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote. Watu watabishana kijiweni mpaka magharibi kuhusu Toyota na Subaru, na hakuna hata mmoja atakayechovya kidole kwenye rejeta. Injini nilizofungua kwa sababu kiwanda kilikosea nazikumbuka, ni za kuhesabika. Zilizokufa kwa kuchemsha sizihesabu tena.

Basi tukaiwasha, kifuniko wazi, tukasubiri. Hakuna mapovu. Nikatoa plagi zote nne nikapima kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo kwenye kila silinda, zikalingana. Maana yake imetunzwa vibaya lakini haijaumia. Injini yake, 2NZ ya cc 1,298, inatumia cheni ya taimingi, ile inayozifanya valvu ziende sawa na pistoni, si mkanda. Cheni ikichakaa hupiga kelele asubuhi, inakupa taarifa.

Forester tukaikuta na mambo mengine kabisa. Kulanti safi, kijani kama majani ya mchicha. Na kwenye kava la mkanda wa taimingi palikuwa na stika ndogo ya Kijapani imefifia. Sijui Kijapani, ila tarakimu ni tarakimu: 97,412, na pembeni 28. Dalali akasema hiyo ni mwaka 2028, tarehe ya kubadilisha tena. Masikini. Wajapani huhesabu miaka kwa enzi za wafalme wao, na enzi ya Heisei ilianza 1989, kwa hiyo Heisei 28 ni mwaka 2016. Mkanda ulibadilishwa hapo, gari ikiwa na kilomita 97,412. Kitabu kinataka kila kilomita 100,000. Dashibodi ilisoma 141,000. Kwa kilomita bado, lakini raba inazeeka hata ikiwa imeegeshwa, na kwenye injini hiyo mkanda ukikatika valvu zinakutana na pistoni. Hakuna kelele ya asubuhi. Unaendesha, halafu huendeshi.

Kwa hiyo gari yenye jina zuri ilikuwa na ngozi mbaya, na yenye jina baya ilikuwa na afya na bomu la saa lenye tarehe inayosomeka. Nikamwambia Mwalimu ukweli wangu: ningekuwa mimi, mwenye vifaa na mikono yangu, ningechukua Forester, nibadilishe mkanda na pampu ya maji siku hiyohiyo, nishinde nayo miaka. Yeye si mimi. Yeye akikwama Mombo atapata fundi wa IST chini ya mwembe wowote, na spea ataikuta duka la tatu. Hiyo nayo ni sehemu ya uimara wa gari, ingawa haipo ndani ya gari.

Kisha nikamuuliza jambo ambalo kwa miaka yote ya gereji sijawahi kuulizwa na mteja hata mmoja: eabegi, ule mfuko unaofumuka mbele yako wakati wa ajali. Akaniangalia kama nimechanganyikiwa.

Kampuni ya Takata ya Japani ilitengeneza vijazio vya eabegi, yaani vikopo vya kuupuliza mfuko huo, kwa viwanda vingi vikubwa: Toyota, Honda, Nissan, Subaru na wengine. Ndani waliweka kemikali ya ammoniamu naitreti. Dawa hiyo ikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevunyevu inaharibika, na siku ya ajali inalipuka kwa nguvu kupita kiasi, kikopo cha chuma kinapasuka na vipande vinamrukia dereva usoni na shingoni. Watu wamekufa katika ajali ambazo wangetoka na michubuko. Magari yaliitwa kwa makumi ya mamilioni duniani, na Takata ikafilisika Juni 2017. Sasa rudia maneno hayo: miaka mingi, joto, unyevunyevu. Ni Tanga hiyo inasemwa. Gari iliyouzwa mnadani Japani kabla ya kubadilishiwa kijazio, ikaja kukaa hapa kwenye hewa ya bahari, inazidi kuiva kila masika.

Uwezekano wa kukupata ni mdogo, sikatai. Lakini ndiyo hitilafu pekee kwenye uwanja ule ambayo haikuombi hela wala haikucheleweshi, inakuua, na kuikagua ni bure. Unachukua namba ya chesisi, kwa IST ile inaanza na NCP60, unaiingiza kwenye tovuti ya kampuni ya Japani, inakujibu kama kuna kazi haijafanyika. Mtoto wangu alifanya kwa simu tukiwa tumesimama palepale. Ilikuwa imeshafanyiwa. Dalali akadai alijua siku zote.

Mpira wa IST nao niliusoma, tarakimu nne ubavuni: 2316, wiki ya 23 ya mwaka 2016. Kashata, ile mikato ya tairi, kubwa kama mpya, lakini mpira umeshakauka. Matairi yote manne niliyakataa kabla hata ya kuzungumza bei.

Mwalimu kachukua IST. Kwa rejeta chafu na matairi dalali kapunguza laki saba, na sehemu kubwa ya laki saba hiyo tumeirudisha ndani ya gari: rejeta mpya, thamostati, kulanti, matairi. Taa ya injini iliwaka siku ya pili, ikazima, ikawaka tena, waja leo waondoka leo, mpaka nikaikuta soketi ya sensa ya joto haijabanwa vizuri. Kosa langu mwenyewe, sikumtoza.

Jumamosi anaipandisha Lushoto kwenye harusi ya mpwa wake. Kutoka Mombo ni kilomita kama 33 za kona na karibu mita 1,000 za kupanda, na atakuwa na watu wanne na gunia la nazi. Nimemwambia asimame Soni, azime, anywe chai, afungue boneti aangalie chupa ya maji ipo kwenye mstari gani, anipigie. Kifuniko cha rejeta asikiguse.