Je, wajua? Jeni isiyo na kasoro hata moja inaweza kuleta saratani ya utumbo mpana

Bibi wa miaka 75 kutoka Kongwa anaishiwa damu mara kwa mara. Analetwa Dodoma mjini, utumbo unachunguzwa kwa kamera, kinyama kinakatwa na kupelekwa maabara, na majibu yanarudi: saratani ya utumbo mpana. Wanawe wakikaa kikao, mmoja lazima ataliuliza swali ambalo wote wanalo moyoni: "Shangazi, hii iko kwenye ukoo wetu?" Jibu linalozoeleka ni kwamba saratani ni ugonjwa wa jeni, jeni tunarithi, kwa hiyo watoto wajiandae.

Jibu hilo limeeneza hofu kubwa kuliko linavyostahili, na limekosea mara mbili.

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba jeni iliyoharibika ni jeni iliyorithiwa. Ngozi ya ndani ya utumbo mpana hujivua na kujijenga upya kila baada ya siku chache, karibu tano. Kila seli inapogawanyika hunakili DNA yake yote, herufi zipatazo bilioni 6 za aina nne (A, C, G na T), na katika kunakili huko makosa hupenya. Kosa linalotokea utumboni hubaki utumboni. Haliingii kwenye yai la mama wala mbegu ya baba. Jeni iitwayo APC, iliyotambuliwa mwaka 1991, huonyesha vizuri. Kazi yake ni kusaidia kuvunjwa kwa protini ya beta-katenini, ambayo ikiachwa huingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni za kugawanyika. APC ikiharibika, beta-katenini hurundikana, na seli huendelea kugawanyika kana kwamba jirani zake wameiagiza, ilhali hakuna aliyeagiza. Uharibifu huo umo katika takriban saratani 8 kati ya 10 za utumbo mpana, lakini waliozaliwa nao hawafiki hata mgonjwa 1 kati ya 100.

Kosa la pili ni la kina zaidi: kudhani kwamba lazima jeni iharibike.

Fikiria kihenge cha mtama kwenye kaya ya Ugogo. Familia inaweza kulala njaa kwa njia mbili. Fukusi wakiingia, siku ya kufungua mtakuta vumbi; chakula chenyewe kimeharibika. Hayo ndiyo mabadiliko ya jeni, pale herufi zake zinapoharibika au kupotea. Lakini pia mtu anaweza kuukandika mdomo wa kihenge kwa udongo, tabaka juu ya tabaka, mpaka mkono usipite. Mtama uko ndani, punje zote nzima, na bado chungu kiko tupu. Udongo wa DNA ni kikundi kidogo cha kemikali kiitwacho methili, kaboni 1 na haidrojeni 3, ambacho hubandikwa juu ya herufi C, hasa pale inapofuatwa na G. Methili zikijaa mwanzoni mwa jeni, DNA ya hapo hukazwa, na vifaa vya seli vya kusomea jeni havipati pa kushika.

Na udongo huo hurithishwa, kutoka seli hadi seli. Ni kama binti anayejenga kihenge chake kwa kuiga cha mama, akaiga hata mdomo uliokandikwa. Seli inapogawanyika, kimeng'enya kiitwacho DNMT1 huutazama uzi wa zamani wa DNA na kubandika methili palepale kwenye uzi mpya. Hivyo seli moja iliyozibwa jeni huzaa maelfu yaliyozibwa jeni hiyohiyo, bila herufi hata moja kubadilika. Alama za namna hii ndizo zinazochunguzwa na tawi la sayansi liitwalo epijenetiki. Kwamba mtama kweli bado umo ndani, maabara imethibitisha: seli za saratani zikipewa dawa inayobandua methili, jeni iliyokuwa kimya huanza kusomwa tena. Fukusi hawarudishi walichokula. Tahadhari hapa ni muhimu, kwa sababu dawa hizo hubandua udongo wa kila kihenge bila kuchagua. Zinatumika kwa baadhi ya magonjwa ya damu, lakini hazijawa tiba ya kawaida ya saratani ya utumbo mpana.

Sasa turudi kwa bibi. Jeni inayozibwa mara nyingi kwa watu wa umri wake ni MLH1, ambayo hutengeneza protini ya kusahihisha makosa ya kunakili. Ikizibwa, makosa hubaki, hasa penye herufi moja iliyojirudia mara nyingi. Jeni ya kipokezi cha TGF-beta ina sehemu kama hiyo, yenye A 10 mfululizo. TGF-beta ni ishara inayoziambia seli za utumbo ziache kugawanyika. A moja ikiruka, kipokezi hakitengenezwi sawasawa, na seli haiisikii tena amri ya kusimama. Mpangilio huu unanistaajabisha kila ninapoufuata: jeni isiyo na kasoro inazibwa, kwa kuzibwa kwake jeni nyingine inaharibika kweli, na kwa kuharibika huko ishara inakatika.

Ajabu kubwa zaidi ni kwamba MLH1 hiyohiyo ndiyo moja ya jeni ambazo baadhi ya familia huzirithi zikiwa zimeharibika, hali iitwayo sindromu ya Lynch. Saratani za njia hizi mbili zinafanana sana kwenye darubini. Katika tafiti zilizofanywa zaidi Ulaya na Marekani, kati ya saratani 100 za utumbo mpana takriban 15 zimepoteza usahihishaji huu, na kati ya hizo kama 3 tu ni za Lynch. Nyingi zilizobaki ni za MLH1 iliyozibwa. Nisingependa takwimu hizo zihamishiwe Dodoma zilivyo, kwani umri wa wagonjwa na maisha yao ni tofauti.

Maabara ya patholojia ina namna ya kuzitenganisha. Kinyama kikionyesha protini ya MLH1 haipo, hupimwa jeni nyingine iitwayo BRAF. Ikiwa na badiliko la V600E, karibu kila mara ni kuzibwa, si Lynch. Kipimo cha methili chenyewe nacho hufanywa. Kwa bibi wa miaka 75, majibu ya namna hiyo yangemaanisha kwamba karibu hakika wanawe hawakurithi Lynch kutoka kwake. Kwa kijana wa miaka 35 ambaye baba mdogo wake naye aliugua, MLH1 ikikosekana bila methili wala badiliko la BRAF, ukoo unapaswa kupimwa damu, maana kila mtoto wa mwenye Lynch ana nafasi 1 kati ya 2 ya kuirithi. Wanaokutwa nayo kwenye MLH1 hushauriwa kuchunguzwa utumbo kwa kamera kila baada ya mwaka 1 hadi 2, kuanzia umri wa karibu miaka 25, ili vinyama vitolewe kabla havijawa saratani.