Ubao wa mawasiliano wa mwanafunzi asiyesema usifungiwe kabatini

Kila Oktoba duniani huadhimishwa mwezi wa kuhamasisha mawasiliano saidizi na mbadala, yaani njia anazotumia mtu ambaye sauti yake haitoshi au haipo kabisa: ishara, kadi za picha, ubao wa alama, kitabu cha maneno, kishikwambi kinachotamka. Tunalizungumzia jambo hili kwa sababu malalamiko ya wazazi yanafanana mno. Mtoto ana ubao, shule imeupokea, kisha ubao umewekwa kabatini pamoja na chaki na mipira "usije ukaharibika". Kwingine hutolewa nusu saa kwa wiki, mwalimu wa kitengo cha elimu maalumu akipata nafasi.

Hatudhani kuna mwalimu anayefanya hivyo kwa nia mbaya. Lakini mwanafunzi anayezungumza haachi mdomo wake ofisini kwa mwalimu mkuu anapokwenda mapumziko. Ubao uwe na mtoto darasani, uwanjani, wakati wa uji, chooni na nyumbani. Ukichakaa, unatengenezwa mwingine. Na usichukuliwe kamwe kama adhabu, hata kama mtoto ameutumia kumwambia mwalimu "acha" mara ishirini.

Kuna dhana tunayoijibu kila mwaka, kwamba mtoto akizoea picha atakuwa mvivu wa kusema. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2006 na Millar, Light na Schlosser yalichambua kwa kina watu 27 waliofuatiliwa kwa vipimo makini. Hakuna hata mmoja ambaye usemi wake ulipungua. Asilimia 89 waliongeza usemi, ingawa wengi kwa kiasi kidogo, na waliobaki hawakubadilika. Dhana nyingine ni kwamba mtoto asubiri akomae. Hakuna umri wala kiwango cha akili cha kufuzu kabla ya kuanza. Na ile ya tatu, ya kumwona kila asiyesema kuwa ni kiziwi, inapoteza miaka ya watoto. Masikio yapimwe, ndiyo. Lakini mtoto mwenye mtindio wa ubongo anayesikia vizuri, na ambaye vidole vyake havimtii, lugha ya alama peke yake haitamtosha.

Ubao wenyewe

Kosa linalojirudia ni ubao uliojaa majina ya vitu: mpira, ndizi, kitabu, uji. Kwa ubao huo mtoto anaweza kuomba tu. Hawezi kuuliza, kubisha wala kutania. Anza na maneno yanayofaa kila mahali: mimi, wewe, taka, enda, acha, saidia, tena, bado, basi, nini, wapi, nzuri, mbaya, hapa, angalia. Kisha yasikosekane matatu ambayo watu wazima huyasahau kwa kuwa hawapendi kuambiwa: "sitaki", "sivyo" na "neno langu halipo hapa". Hilo la mwisho ndilo linalomjulisha mwalimu kwamba ubao umepungukiwa.

Vitenzi viandikwe bila viambishi. Mtoto akigusa "mimi", "taka", "maji", mwalimu anamjibu kwa sentensi kamili: "Ahaa, unataka maji." Weka na kisanduku cha "si", ili "mimi, si, enda" isomeke kama siendi. Kumlazimisha anayeanza aunganishe kiambishi cha nafsi, cha wakati na mzizi ni kumdai kile ambacho mtoto wa miaka miwili anayezungumza hadaiwi.

Idadi ya visanduku huamuliwa na mkono au macho ya mtoto, si akili yake. Karatasi ya A4 iliyolazwa ikigawanywa safu nne kwa mistari mitatu hutoa visanduku 12 vya takriban sentimita 7 kila upande. Safu nane kwa mistari mitano hutoa 40 vya sentimita 4 hivi. Mtoto anayeweza kulenga sentimita 4 apewe gridi ya 40 tangu mwanzo, hata kama ni visanduku 15 tu vilivyojazwa. Sababu ni kwamba mkono hukariri mahali. Ukimpa gridi ya 12 leo na kupanga upya muhula ujao, umemrudisha mwanzo, kisha unasikia walimu wakisema "amesahau". Hakusahau. Mmemhamishia maneno yake.

Neno liandikwe upande wa juu wa picha, lisifunikwe na kidole. Picha za ARASAAC, mradi wa serikali ya jimbo la Aragón nchini Uhispania, zinapakuliwa bure kwa matumizi yasiyo ya biashara mradi chanzo kitajwe. Zikichapishwa kwa wino wa maji, tone moja la mate linazifuta, kwa hiyo peleka kwenye laminesheni siku hiyo hiyo na uache ukingo wa plastiki wa nusu sentimita kuzunguka karatasi. Ukikata sawasawa na karatasi, maji yataingia. Laminesheni huakisi mwanga wa dirisha, hivyo jaribu ubao ukiwa umekaa pale pale anapokaa mtoto. Kamba ifungwe kwenye meza, mkanda wa kiunoni au kiti mwendo. Isivaliwe shingoni, inaweza kumkaba.

Kabla ya kusema mtoto "hana ushirikiano", tazama miguu yake. Ikining'inia, mwili wote unatumia nguvu kujishikilia na mkono hauwezi kulenga. Nyayo zikanyage sakafu au kibao, nyonga ziegemee nyuma, meza iwe usawa wa kiwiko, ubao uinuliwe kidogo kwa mbele.

Kwa asiyeweza kutumia mkono, chukua plastiki ngumu angavu ya ukubwa wa A3, toboa dirisha katikati, bandika picha nne kwenye pembe zikimtazama mtoto. Mwalimu hukaa usawa wa macho yake, umbali wa sentimita 50 hadi 60, akimtazama kupitia dirisha. Mtoto hutazama picha, kisha hurudi kumtazama mwalimu. Kurudi huko ndiko kusema "nimechagua". Mwalimu anayeruka hatua ya kurudi huokota picha ambayo jicho lilipita tu.

Mtu mzima ndiye anayeanza

Kifaa hakifundishi mtoto chenyewe. Mwalimu anaposema "Haya, tunaenda nje", aguse "enda" kwenye ubao wa mtoto huku akitamka. Neno moja au mawili kwa sentensi yanatosha. Afanye hivyo siku nzima, kwa wiki nyingi, bila kudai mtoto arudie. Wenzake darasani nao waufundishwe ubao. Mara nyingi huutumia vizuri kuliko sisi. Kumwambia mtoto "nionyeshe mpira, nionyeshe nyekundu" asubuhi mpaka jioni ni mtihani, na hakuna anayependa kuzungumza na mtu anayemtahini saa zote.

Ukiuliza, nyamaza. Hesabu hadi kumi kimoyomoyo. Kwa mwenye mtindio wa ubongo, nusu dakika si nyingi. Ukirudia swali kabla hajamaliza kujipanga, anaanza upya.

Kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, tunasikia mara kwa mara kwamba mtoto "hawezi kupimwa kusoma kwa sababu hasemi". Anapimwa. Tamka neno, mpe maandishi manne yanayokaribiana, kwa mfano bata, pata, data na bati, achague. Badilisha mahali pa jibu sahihi na usilitazame, kwani watoto hawa husoma macho ya mwalimu kabla ya maandishi. Kwa chaguo nne, kubahatisha kunampa robo. Kwa ndiyo au hapana kunampa nusu. Kwa hiyo jibu moja sahihi halithibitishi kitu, wala kosa moja. Rudia kwa siku tofauti.

Chati ya silabi iliyopo ukutani kwa darasa la kwanza ni ubao wa mawasiliano tayari. Ipunguze iwe ya mezani. Anayetaka kuandika "maji" asiyeweza kugusa, msomee mistari polepole: "Ba? Da? Fa? Ga? Ha? Ja? Ka? La? Ma?" Anakubali kwa jicho. Kisha silabi za mstari huo: "Ma?" Anakubali tena. Unaandika ma. Unarudi juu: "Ba? Da? Fa? Ga? Ha? Ja?" Anakubali. "Ja? Je? Ji?" Ndiyo. Inachosha, hasa mwanzoni, lakini ni maandishi yake mwenyewe, na anaweza kuandika neno ambalo hakuna mtu mzima aliyewahi kulifikiria kwenye ubao wake.

Hapa tahadhari moja haina mjadala. Msaidizi asiushike mkono, kiwiko au bega la mwanafunzi kumwelekeza kwenye herufi. Njia hiyo ilichunguzwa kwa majaribio na ikabainika kwamba anayeandika, mara nyingi bila kujua, ni msaidizi.

Mitihani, sheria na utaratibu

Mwongozo wa Baraza la Mitihani la Tanzania unaelekeza watahiniwa wenye mahitaji maalumu waongezewe dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Karatasi ya Hisabati ya saa mbili inakuwa ya saa mbili na dakika 40. Huo si upendeleo wa msimamizi wala si jambo la kujadiliana naye mlangoni. Lakini taarifa ya mtoto iingizwe wakati wa usajili, ikieleza njia anayotumia kujibu. Shule inayokumbuka wiki ya mtihani inamnyima mtoto haki yake, kisha inatupigia simu sisi.

Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na Ibara ya 24 inataja mawasiliano saidizi na mbadala waziwazi. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Mtoto Na. 21 ya 2009, kifungu cha 8, inakataza kumtendea mtoto mwenye ulemavu kwa namna inayomdhalilisha, na inampa haki ya matunzo maalumu na fursa sawa ya elimu. Anayekiuka masharti ya sehemu hiyo, kwa kifungu cha 14, akitiwa hatiani anakabiliwa na faini isiyozidi shilingi milioni tano, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Anayeweza kutiwa hatiani ni mtu yeyote, mzazi akiwemo. Anayemficha mtoto ndani asidhani sheria inawahusu walimu peke yao. Zanzibar hutumia Sheria ya Mtoto Na. 6 ya 2011.

Ubao uwe pia na majina halisi ya sehemu za siri, "ameniumiza", "usiniguse" na "nani". Wazazi wengi huona aibu tukiliomba hili. Mtoto asiye na maneno hayo hawezi kutoa taarifa, na anayemdhuru analijua hilo. Simu ya watoto ya bure ni 116.

Mzazi ambaye ubao wa mtoto hautumiki aanze kwa mwalimu wa darasa na mwalimu mkuu. Asiposikilizwa, aende kwa Afisa Elimu Kata, kisha Afisa Elimu Maalumu wa halmashauri. Ofisi ya ustawi wa jamii inaweza kuhusishwa wakati wowote. Malalamiko yawe ya maandishi: jina la shule, darasa, kifaa gani, tangu lini, nini kimeombwa. Peleka nakala mbili na ya kwako igongwe muhuri wa kupokelewa. Ambatisha picha ya ubao iliyopigwa kwa simu, mbele na nyuma. Mtoto akihamishwa shule, picha hiyo iende pamoja na uhamisho wake, ili ubao ukipotea njiani shule mpya itengeneze mwingine wenye maneno yale yale mahali pale pale.